Mjomba Tuliyemsingizia Kifafa

Siku hizi nikienda kupimwa presha, yule binti wa zahanati huniuliza, kalamu mkononi, "Nyanya, katika ukoo wenu kuna mwenye kisukari? Kuna mwenye kifafa? Kuna aliyewahi kurukwa na akili?" Nami humjibu, "Hakuna." Akirudia namkatia, "Mwanangu, nimesema hakuna. Pima mkono wangu niende zangu." Wajukuu wananicheka. Wanasema nyanya yao ni mkali bure, msichana wa watu anafanya kazi yake. Ni kweli anafanya kazi yake. Na mimi nilifanya yangu, hapo Garsen, kando ya mto, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya kuuliza watu habari za ukoo na kuziandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mke wa mtu, mume wangu akifanya kazi bandarini Mombasa na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni mpaka nikamudu kuandika Kiswahili kizuri na kusikia Kiingereza nusu, na sikuficha. Nilitembea shingo juu. Basi alipokuja daktari mmoja Mzungu na muuguzi wake, tena hawakuwa wa misheni wala wa serikali, walikuja na mahema yao na barua ya ruhusa, wakafungua kambi ng'ambo ya kivuko katika banda la zamani la kuwekea mpunga, na wakatafuta mtu wa kuwatafsiria na kuwaandikia, nani mwingine kama si mimi?

Tuliwapenda, nisiseme uongo. Watoto waliokuwa wameoza miguu kwa buba walidungwa sindano, na baada ya wiki chache unawaona wanafukuzana mchangani. Wakulima wa mtoni walikuja kwa mitumbwi, Waorma walikuja na ng'ombe wao, kila mtu na kidonda chake. Mtu aliyemponya mwanao utamkatalia swali gani?

Muuguzi, tuliyemwita sista, alikuwa na daftari kubwa lenye jalada la kijani. Kila ukoo ulikuwa na ukurasa wake. Mwanamume alichorwa mraba, mwanamke duara, na mistari ikaunganisha baba na mama na watoto. Mwenye kasoro, yaani kifafa, uziwi, wazimu au akili nzito, mraba wake au duara lake lilipakwa wino mweusi. Sista aliuliza, mimi nikatafsiri, kisha nikaandika. Nililipenda lile daftari. Lilikuwa safi, na mwandiko ulikuwa wangu.

Sasa nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hutanielewa. Kabla ya posa kukubaliwa, upande wa mume ulikuwa ukimtuma mama mtu mzima kuja kuuliza damu. Anakaa, anakunywa maji, anauliza, "Kwenu kuna nini?" Ukimjibu kwamba hakuna kitu, kwenu wote ni wazima toka Adamu, anaaga na harudi. Asiye na kasoro anaficha kubwa. Mficha uchi hazai, ndivyo tulivyofunzwa. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na kasoro yake moja ya kumpa mgeni, kama unavyompa kiti. Waliokuwa nayo ya kweli waliitoa ya kweli. Wasiokuwa nayo walitengeneza ndogo wakampachika marehemu fulani asiyeweza kubisha. Muulizaji naye alijua, akatikisa kichwa kwa huruma, na ndoa ikaendelea. Ilikuwa adabu tu.

Na sista alipokaa na daftari lake akauliza kwenu kuna nini, watu walimjibu kama wanavyomjibu muulizaji wa posa. Wangemjibu vipi tena? Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwauliza swali hilo.

Mama yangu alikuja kutibiwa jicho. Sista akauliza. Mama akajiweka sawa, akasema kwa Kipokomo, lugha yetu, kwa sauti ya matanga, "Kaka yangu mkubwa alikuwa na kifafa." Nilitaka kucheka. Mjomba yule alikufa kabla sijazaliwa, na kifafa chake kilikuwa cha siku moja tu, wakati wa mavuno, alipobugia pombe ya tembo mpaka akaanguka matopeni akagaragara mbele ya watu. Ndiyo kasoro tuliyompa hata yule mama aliyekuja kumuulizia dada yangu. "Andika," sista akaniambia. Nikaandika: kifafa. Nikampaka wino mjomba wa watu, tena nikamkonyeza mama. Sikuuliza daftari ni la nini.

Baada ya mavuno akaja mwanamke mmoja kiziwi kutoka vijiji vya juu, mke wa mkulima, na watoto wawili wanaosikia vizuri kabisa. Alikuja kwa uvimbe wa tumbo. Hakuwa na upungufu wowote wa akili. Alisuka mikeka, na alizungumza na mumewe kwa mikono upesi kuliko mimi ninavyozungumza kwa mdomo, nanyi mnanijua. Sista akaniambia niwaeleze wakwe zake kwamba kwenye kizazi kuna kidonda na kitasafishwa. Nikawaeleza. Baba mkwe akatia dole gumba kwenye karatasi. Mwenyewe hakuulizwa. Kazi yangu wakati daktari akipasua ilikuwa kupepea nzi kwa upepeo wa ukindu, kwa hiyo niliona kila kitu bila kuelewa. Aliondoa kiuvimbe kidogo kama kokwa ya ukwaju. Halafu akavuta mrija mwembamba upande huu, akaufunga uzi mara mbili, akaukata katikati. Akaenda upande wa pili, akafanya vile vile.

Baadaye tulikuwa tunaosha vyombo, mimi na dresa, mwanamume wa pwani aliyekuwa na kazi ya kudondosha dawa ya kulaza wagonjwa. Nikamuuliza, "Vile vijimirija alivyokata ni vya nini?"

Akanitazama. "Si wewe unayewaeleza watu?"

"Mimi nawaeleza kidonda."

"Kidonda!" Akacheka, lakini uso haukucheka. "Mama yule hazai tena mpaka kiama. Na si wa kwanza. Ukipakwa wino mle daftarini, wewe au wa tumbo lenu, ukiingia chumba kile ukiwa mwanamke unatoka hivyo. Daktari anasema ni damu mbovu, isiendelee."

Niliacha kuosha. Nikauliza, "Na wewe unajua, unanyamaza?"

"Na wewe sasa umejua," akasema. "Tuone."

Mimi si mtu wa kunyamaza. Kesho yake nilimfuata daktari, nikamuuliza. Hakuona haya hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alinitoa nje akanionyesha ng'ombe wa Waorma wakishuka kunywa maji. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Fahali dhaifu, wenyewe fanya nini?"

"Humhasi."

"Kwa nini?"

"Kundi lisiharibike."

"Basi," akasema, akatabasamu kama mwalimu aliyepata jibu. "Watu ya hapa najua kazi hii kuliko mimi."

Kwao, akaniambia, imefanywa miaka mingi, kwa sheria, na wenye elimu wameikubali. Baadaye sana, nilipoanza kusoma magazeti na vitabu, nilikuja kujua kwamba hakudanganya. Zilikuwapo nchi za Ulaya na majimbo ya Amerika yaliyowafunga uzazi maskini, vipofu, wenye kifafa na wasichana waliosemwa ni wazito wa akili, na mahakimu wakatia sahihi. Hata Nairobi, kabla ya vita kuu vya pili, walowezi na madaktari wao walikuwa wakikutana kuzungumza nani azae na nani asizae. Lakini siku ile sikujua haya. Nilijua tu kwamba yeye ni msomi, na kwamba sisi kweli tunahasi mafahali. Nikiri: kwa siku nzima maneno yake yaliniingia.

Aliyeyatoa ni mama mmoja wa Kiorma aliyetuletea maziwa kambini. Nilimsimulia, nusu kama porojo, nikitaka kumwona akishangaa. Hakushangaa. Akaweka kibuyu chini. "Ng'ombe iko na mwenyewe," akasema. "Mwenyewe nataka maziwa, nataka nyama, yeye nachagua. Hii watu, mwenyewe ni daktari?" Akanidai kibuyu chake cha jana, akaenda.

Hapo ndipo nilipomwogopea dada yangu, kwa sababu alikuwa na mimba ya miezi saba.

Ni dada yangu mkubwa, tumbo moja. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na hii ya tatu alikuwa akiibeba kama mtu aliyejitwika mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshawishi ajifungulie kambini. Nilimwambia, "Kuna daktari, dada, uje, mimi niko pale." Sasa nikatuma watu wamwambie asije. Nikamtuma huyu, nikamtuma yule, kila anayepanda mtumbwi kwenda kwao namtwika ujumbe: abaki nyumbani, mkunga wa kijijini anatosha, asije. Sikusema sababu. Ningesema nini? Kwamba mimi ndiye niliyeandika?

Nikaamua kumfuta mjomba. Mchana mmoja sista alipokwenda kuoga nilifungua daftari, nikalowesha kidole kwa mate, nikausugua ule mraba. Ala! Wino haukutoka, ulisambaa. Ulitambaa kwenye mstari, ukaingia kwenye duara la pembeni, na duara hilo lilikuwa la mama yangu. Nilipuliza, nikafuta kwa ncha ya kanga, ukazidi. Nilifunga daftari nikalirudisha mahali pake, na kuanzia siku hiyo sikulala vizuri. Kila mtumbwi ukitokea kwenye kona ya mto, naacha kazi. Naangalia, si wao. Nashusha pumzi. Unatokea mwingine.

Ukatokea wa kwao, saa nne asubuhi. Nilimtambua mama kwa kitambaa chake cha kichwa. Mbele ameketi mama mkwe wa dada, na katikati, juu ya mkeka, dada yangu. Alikuwa na siku ya pili katika uchungu na mtoto hashuki. Mkunga alikuwa ameinua mikono. Ujumbe wangu wote ulifika, mama akaniambia, lakini "mtoto akikwama mtu huangalia ujumbe?" Midomo ya dada ilikuwa imepasuka. Alinishika mkono akasema, "Ulisema uko hapa."

Daktari alimpima haraka, akasema atapasua, na upesi. Akaingia kunawa. Sista akafungua daftari. Namwona mpaka leo, kidole chake kikishuka ukurasani, kikasimama.

"Huyu mama wa mgonjwa," akaniuliza kwa Kiingereza, "naye ni mwenye kifafa?"

"Hapana. Wino ulimwagika. Na mjomba naye hakuwa nacho. Ni uongo. Alilewa siku moja."

"Umeandika mwenyewe," akasema sista, si kwa ukali. "Kila mtu akishikwa na hofu hukana. Muulize mama yako."

Nikamgeukia mama. Mama alikuwa amesimama bega kwa bega na mama mkwe wa dada, mwanamke aliyepewa kasoro ya mjomba kwa heshima zote siku ya posa. Mama angesemaje sasa kwamba alimdanganya? Mbele yake? Akajinyoosha, akasema, "Ni kweli. Maskini kaka yangu, kilikuwa kikimwangusha mara kwa mara."

Nikatafsiri: "Anasema alikuwa mlevi tu."

Lakini kichwa cha mama kilikuwa kikiitikia, na mkono wake ukionyesha mtu anavyoanguka. Sista hakuhitaji mtafsiri. Kutoka ndani dada akapiga ukelele.

Nikapasuka. "Mama! Hapa si posa! Ukisema kifafa, wakimpasua watamfunga uzazi kabisa. Huyu aliye tumboni ndiye wa mwisho, kama atatoka hai! Sema ukweli!"

Mama akanitazama mimi, akamtazama mkwe mwenzake, na nikaona aibu inampanda kutoka shingoni. Akafumba macho. "Alilewa," akasema. "Kaka yangu alilewa tembo, mkwe. Hapakuwa na kifafa. Nisamehe, tuliwadanganya."

Mama mkwe akamshika mkono. "Aa, mkwe wangu, nani asiyejua? Kijiji kizima kilimwona matopeni. Na yule shangazi yetu mwenye wazimu tuliyewaambia sisi, unamkumbuka? Hakuwahi hata kuzaliwa!"

Wakaangua kicheko. Jinsi wale wanawake walivyocheka, Mungu wangu, siku mbili hawajala wala kulala, wamekumbatiana pale mlangoni, wanacheka na machozi yanawatoka. Na mimi nikacheka nao. Nilidhani tumeshinda.

Daktari akatokea, mikono imelowa, akawakuta wazee wawili wanacheka na binti yao analia kwa uchungu hatua tano kutoka hapo. Akauliza wanacheka nini. Sista, aliyekuwa amesikia neno wazimu, akaonyesha ukurasa wa ukoo wa mkwe, duara jeusi la yule shangazi. Daktari akasema kwa Kiingereza maneno machache. Nilielewa nusu tu, nusu ile ikanitosha: "Pande zote mbili."

Nikamwangukia miguuni. Mimi, mwenye shingo juu. Nikamwambia, "Daktari, mtoe mtoto, basi. Usimfunge. Nimekosea kuandika. Dada yangu ni mzima, si kiziwi, hana kifafa, si kama wale wengine." Ndivyo nilivyosema. Si kama wale wengine. Yule mama msuka mikeka alikuwa amekuja kambini juzi yake tu kuangaliwa kovu, akanipungia mkono akicheka. Sikumwambia daktari kwamba mwenye kifafa naye ni mtu, na kwamba hata mjomba angekuwa na kifafa cha kila siku, dada yangu angebaki na haki ya kuzaa. Nilimtetea wangu kwa kuwaacha wengine. Na hata hivyo haikusaidia.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. Akanipa karatasi ya kutia dole gumba.

Nimesikia. Hakusema nimekubali. Lakini dada alikuwa anakwisha, na mama ananitazama machoni, "Amesemaje?" Nikasema, "Amekubali. Atamzalisha tu." Wakatia madole gumba yao, la mama na la mama mkwe, kwa neno langu.

Nikaingia ndani kupepea nzi.

Mtoto alitoka hai, msichana, mweusi wa kung'aa, akalia kabla hajapigwa. Sista akamchukua. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Halafu nikaona mkono wa daktari unarudi ndani, unatafuta, na unavuta kile kijimrija upande wa kwanza. Dresa, pale kichwani kwa dada, akaniangalia juu ya kile kitambaa cha dawa. Nikaangalia uzi. Mara moja. Mara mbili. Mkasi. Ningemshika mkono daktari? Tumbo la dada lilikuwa wazi, damu ipo, kisu kipo. Nikimsukuma, nitamuua. Nikipiga kelele, mama ataingia. Hayo ndiyo niliyojiambia. Ninayajua maneno hayo kwa moyo, nimeyarudia miaka mingi. Daktari akaenda upande wa pili, na mkono wangu haukuacha kupepea.

Nilipotoka mama akauliza, "Wamemfunga?" Nikasema, "Hapana, mama. Amekubali, si nilikwambia?"

Mvua za juu ziliposhuka, mto ukapanda, wakafunga mahema wakaondoka na daftari lao. Dresa alikwenda nao. Sikusikia tena habari zao. Nikajiambia nitamwambia dada akipata nguvu. Akapata nguvu. Nikajiambia mtoto aache kwanza ziwa. Akaacha. Nikajiambia labda uzi ulifunguka, labda daktari alikosea, na kila mwezi nilikuwa nikimwangalia dada usoni kabla hajanieleza kama ameona siku zake. Nikimwona amelegeza kanga kiunoni, najiambia labda ameshika mimba. Hakushika.

Miaka minane. Alianza kuhangaika mwaka wa tatu. Akaenda kwa waganga wa mitishamba, akaombewa kanisani, akafunga kula siku kadhaa kila wiki. Mumewe alikuwa mtu mpole, hakumsema, lakini alianza kulala shambani kulinda mpunga usiliwe na viboko hata msimu ambao mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mama mkwe, yule yule aliyecheka na mama, akawa hacheki. Na mimi? Mimi nilimletea dada mizizi. Kulikuwa na mti mmoja karibu na kwangu, watu wakisema mizizi yake hufungua uzazi. Nikachimba, nikakausha, nikampelekea kila mwezi, mara mbili wakati mwingine. Alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, bila wewe ningekufa." Nikaitikia.

Siku moja nilimkuta jikoni kwake peke yake, binti yake ameenda shule. Amefunga nguo zake katika furushi. Akaniambia anarudi kwa mama. Ameshamwambia mumewe aoe mwingine.

"Kwa nini ujitoe mwenyewe?" nikasema. "Amekufukuza?"

"Hajanifukuza. Kosa ni langu." Akakaa juu ya kigoda. "Sijamwambia mtu. Siku ile mtumbwini, uchungu uliponizidi, nilimwambia Mungu: nitoe hapa, na sitaki mtoto mwingine tena maisha yangu yote. Nilisema kwa mdomo wangu. Mungu amenisikia, basi. Miaka minane namwomba anisamehe neno lile, hataki."

Nikasema, "Si Mungu."

Akaniangalia.

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimwambia habari za mjomba na daftari, habari za yule mama kiziwi, neno la daktari na neno langu kwa mama, mrija wa kwanza na mrija wa pili. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimesimama pale napepea nzi. Nilipomaliza nilingoja anipige. Ningefurahi angenipiga.

Akauliza taratibu, kama anayetaka tu kuelewa, "Ulijua siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Na hii mizizi?"

Akainuka. Pembeni ya jiko palikuwa na sufuria ya mizizi niliyomletea wiki ile, imechemka na kupoa. Akachukua kikombe, akakichovya, akakijaza mpaka juu. Akakiweka mbele yangu.

"Kunywa," akasema.

Nikanywa. Ilikuwa chungu mpaka macho yakanitoka machozi, ikanikwama kooni, nikataka kutapika. Yeye alikuwa amesimama, ananingoja nimalize. Miaka minane nilikuwa nikimletea ile dawa, na sikuwa nimewahi kuionja.